Shajara ya mradi: mashini ya unga ya Katuba inakuwa nyumba

Mei, mvua zimekatika

Funguo tumepewa na kazi imeanza. Jengo liko Katuba, hapa Lubumbashi, nyuma kidogo ya barabara ya lami, na mtaani halina jina lingine isipokuwa "mashini". Mwambie kijana wa pikipiki akupeleke ku mashini, atakufikisha bila kuuliza, ingawa watoto wanaocheza uwanjani pake hawajawahi kuisikia ikinguruma.

Ndani ni chumba kimoja tu, mita 6 kwa 9, na kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi ni zaidi ya mita 5. Katikati kuna jukwaa la zege ambalo mota na mashine yenyewe vilifungwa. Faneli la bati lililopokea mahindi bado linaning'inia. Bomba nene linapanda kutoka kwenye mashine hadi kwenye pipa la koni lililotenganisha unga na hewa, kisha linatoboa paa. Vyuma vya kusagia vilishauzwa zamani.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliinunua kwa mzee aliyekuwa anarudi kijijini, na mzee huyo naye aliikuta imeshajengwa. Kwenye familia wanasema ni jengo la miaka ya 1950, Katuba ilipokuwa bado mtaa mpya. Matofali hayawapingi: makubwa, mazito, yamechomwa yakaiva, yameshikwa kwa chokaa wala si saruji.

Mafundi waliokuja kutazama walitoa shauri moja: bomoeni, anzeni upya, mtatumia pesa kidogo. Mume wangu alikuwa karibu kukubali. Mama mkwe ndiye aliyekataa, na hakuleta habari za ukumbusho wa marehemu. Alichukua ufunguo, akagonga tofali, likalia. "Mutabomoa ukuta wa namna hii, mujenge na bloku za siku hizi?" Mjadala ukaishia hapo.

Mei, siku chache baadaye

Shemeji yangu anaishi Bruges, Ubelgiji. Alipopata habari alitutumia picha ya Sint-Janshuismolen, kinu cha upepo cha mwaka 1770 kilichosimama juu ya tuta la mji, na ambacho bado kinasaga. Akaandika: "Oneni wenzenu." Alikuwa anatania, lakini mimi sikuachia hapo. Nimesoma jioni kadhaa habari za vinu vya upepo vilivyogeuzwa makao, na zimenifaa kuliko michoro niliyoletewa na mafundi.

Vinu vya upepo vya zamani kabisa vinavyojulikana vizuri ni vya Sistan, upande wa mpaka wa Iran na Afghanistan, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hivyo vilizunguka kwa mhimili uliosimama wima. Ulaya vilitokea karne ya 12, na vya mwanzo vilikuwa kibanda cha mbao kilichokalia nguzo moja. Upepo ukigeuka, msagaji alisukuma kibanda kizima, pamoja na mawe na magunia yake, mpaka mabawa yaupate tena. Humo halali mtu. Makao yaliwezekana ulipokuja mnara wa mawe au matofali, ambao kinachogeuka ni kofia ya juu peke yake. Mnara ukatulia, familia ikakaa chini, mawe yakasaga juu. Mwaka 1745 Mwingereza Edmund Lee akapata hataza ya gurudumu dogo la mabawa linalofungwa nyuma ya kofia na kuigeuza lenyewe kufuata upepo. Nadhani waliomshukuru zaidi ni wake wa wasagaji, ambao waume zao waliacha kuruka kitandani kila upepo ulipogeuka.

Uholanzi peke yake ilikuwa na vinu karibu 10,000 katika karne ya 19. Leo vimebaki zaidi kidogo ya 1,000. Nilipofika kwenye sababu, niliita mume wangu aje asome, kwa sababu ni habari ya baba yake. Vinu havikufa kwa uzee. Ilikuja injini ya mvuke, yakaja magurudumu ya chuma mahali pa mawe, vikajengwa viwanda vikubwa bandarini, na unga uliosagwa mbali ukaanza kufika kwa magunia kila siku, upepo uwepo usiwepo. Kwetu gunia lilipitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Unga wa Zambia uliingia umeshasagwa na kufungwa, na wakati huohuo umeme wa mashini ukawa unakuja siku unapotaka. Baba mkwe hakushindwa na msagaji wa mtaa wa pili. Alishindwa na lori.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Vinu vilivyokosa kazi vilipita njia mbili. Vingine vilitolewa mitambo, vikapigwa rangi vikawa nyumba tu, kama kile cha Cley katika Norfolk, Uingereza, kilichofanywa nyumba ya likizo mwaka 1921. Ni kizuri kutazama. Njia ya pili ni ya Kinderdijk, Uholanzi, kwenye vinu 19 ambavyo kazi yake haikuwa unga bali kuchota maji kwenye mashamba yaliyo chini kuliko mto. Vinane vya matofali ni vya mwaka 1738, vinane vya kuezekwa kwa matete ni vya 1740. UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997, na hata leo familia zinaishi humo, zinapika, zinalea watoto, na anayekaa humo anatakiwa kukiendesha kinu chake.

Tumekubaliana kufuata Kinderdijk. Mashini itakuwa nyumba, na itasaga. Itasaga kidogo, lakini itasaga.

Juni, usafi

Kazi hii niliidharau kwenye bajeti na sasa ndiyo imekula mwezi. Unga uko kila mahali: ndani ya nyufa, juu ya kenchi, ndani ya bomba, chini ya bati. Fukusi wamezaliana humo vizazi na vizazi. Panya walikuwa na barabara zao.

Nimekataza sigara, kiberiti na grainda mpaka unga uishe. Vijana wa kazi walinicheka, maana bukari ni ugali wetu wa kila siku. "Mama, unga wa bukari njo utalipuka?" Niliwaeleza kisa cha Minneapolis, Marekani. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga liliwaka ndani ya kiwanda cha Washburn A, wakati huo kikubwa kuliko vyote nchini mwao, na watu 18 wakafa. Unga ulio ndani ya beseni hauwaki ovyo. Unga uliotawanyika hewani kila chembe imezungukwa na hewa, ukipata cheche unashika wote mara moja. Tangu siku hiyo wanafungua madirisha wenyewe, wananyunyiza maji kwanza, wanafagia kuanzia juu kwenda chini.

Juu ya ukuta, mahali kenchi inapolalia, unga ulikuwa umeganda kuwa gamba nene la vidole viwili. Mmoja wao alilibandua likatoka zima, akamletea mama mkwe kwenye kiti chake. Lilikuwa na matabaka: njano hafifu, kisha mstari mweupe unaoelekea kijivu, kisha njano tena. Mama mkwe alilivunja, akasugua ule mstari mweupe kati ya vidole, akanusa. "Huu muhogo." Akatuhesabia ni wakati gani: miaka ya 90, Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, imeanguka, mishahara hakuna, watu wanachanganya muhogo na mahindi ili bukari itoshe watoto. Wengine walileta muhogo mtupu, wakaomba usagwe usiku ili majirani wasione. Kipande hicho nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki, kiko kabatini. Mume wangu anasema kitaleta fukusi. Huenda.

Juni, mwishoni

Sakafu. Kabla ya mota ya umeme kulikuwa na injini ya mazoti, yaani dizeli, na sehemu ile zege imelewa mafuta. Tulimwaga pumba za mbao na majivu, tukasugua kwa sabuni ya unga, bado doa linarudi kila jua linapowaka. Fundi ameamua kuchimbua tabaka la juu lote upande huo na kumwaga jipya. Imekwisha, tusonge.

Julai, kuta

Baridi ya asubuhi inauma, vumbi jekundu liko hadi kwenye chai, lakini kwa chokaa huu ni wakati mzuri maana haikauki kwa pupa.

Hapa tulivutana na fundi mjenzi. Alitaka kujaza viungo vilivyomong'onyoka kwa saruji, kwa sababu saruji ni ngumu. Ugumu huo ndio ubaya wake hapa. Tofali la zamani ni laini kuliko saruji. Maji ya mvua yakiingia ukutani hayapati pa kutokea kwenye kiungo, yanatokea kwenye tofali lenyewe, na uso wa tofali unabanduka. Ukutani kwetu ushahidi upo: upande wa mlango kuna mtu aliziba kwa saruji zamani, viungo vimesimama imara na matofali kati yake yameliwa, yameingia ndani. Fundi aliweka kidole kwenye shimo, akanyamaza, akaenda kutafuta chokaa. Tumeletewa ya Likasi. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu, ukuta unaloweshwa kwanza, na kiungo kinafunikwa kwa gunia bichi ili kisikauke haraka.

Matofali ya kujazia yalikuwa shida nyingine kwa sababu vipimo vya leo ni vidogo. Tulimpata mzee mmoja nje ya mji, njia ya Kipushi, anayefyatua kwa udongo wa kichuguu kama walivyofanya watu wa zamani. Mtu asiye wa Katanga akisikia kichuguu anafikiria kitu cha kufika magotini. Vyetu ni vilima, vingine vinafika mita 8, miti imeota juu yake. Mchwa wamepandisha udongo mfinyanzi kutoka chini, mwororo, hauna mawe, na ukichomwa unatoa tofali lenye mlio. Mzee alitutengenezea kalibu ya mbao kwa kipimo cha tofali letu.

Mama mkwe alipita na ufunguo wake akayagonga mapya moja moja. Alirudisha machache.

Julai, karatasi

Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya Serikali, na sisi tuna haki ya kuitumia. Karatasi zetu zinasema matumizi ni biashara, na tunataka iwe makao na biashara. Kwenye ofisi moja faili "limelala". Tumeliamsha mara kadhaa. Linalala tena.

Agosti, dari na ngazi

Urefu ule wa mita 5 ndio utajiri wa nyumba hii. Mashini ilihitaji kwenda juu ili mahindi yashuke yenyewe, na kinu cha upepo ni hivyohivyo: gunia linapandishwa mara moja kwa kamba inayovutwa na mabawa, mengine yote yanafanywa na uzito wake likishuka. Tumeweka dari ya mbao nusu ya chumba. Juu kuna vyumba viwili vya kulala, chini jiko na sebule, na nusu iliyobaki iko wazi hadi kwenye bati.

Fundi seremala alitaka dari ishikwe na kuta pande zote. Nilimwomba isimamie nguzo zake yenyewe, kwa sababu ya kelele na mtetemo wa mashine. Aliona ni mbao za bure. Tulibishana, tukapatana nguzo upande wa mbele na ukuta upande wa nyuma.

Ngazi za vinu vya Kinderdijk zinasimama karibu wima, unashuka kinyumenyume ukishika kamba. Mama mkwe alionyeshwa picha akasema yeye atalala chini. Chumba chake kimewekwa chini, karibu na mlango, na nashuku ndivyo alivyotaka tangu mwanzo: kutoka hapo anamwona kila anayeingia.

Jukwaa la zege hatukulivunja. Mawe yaliyobandikwa juu yake yameligeuza meza ya jikoni, na boliti nne za kushikia mota zimebaki zimechomoza upande mmoja. Watoto wanatundika vikombe.

Septemba, kikao cha akina mama

Habari kwamba mashini inakuwa nyumba ilizunguka mtaani, na akina mama wakaja. Wa kwanza kusema alikuwa mkali: "Njo kusema nini? Mutalala mu mashini, sisi tutasagisha wapi?" Nikamwambia, mama, mashini imekufa miaka mingi, mlikuwa mnasagisha wapi? Akajibu kwamba walikuwa wanasubiri.

Maneno yao yana uzito. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, bei ya unga Lubumbashi ilipanda mpaka watu wakakumbuka kwamba mahindi yanaweza kununuliwa nafaka na kusagishwa. Mwenye shamba dogo pembeni ya mji naye ana mahindi yake kila msimu. Mahindi yako ukiyasagisha mwenyewe unajua kilichomo, na pumba unarudi nazo kwa kuku.

Hapa historia ya mji inaingia. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga, na aliyekuwa nje ya kampuni alijitafutia. Katanga kinu hakikuhitaji upepo wala mto karibu: tangu mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilikuwa linatoa umeme kwa ajili ya shaba, na masalia ya umeme huo ndiyo yaliyozungusha mashini za mitaani. Ndiyo maana jengo letu lina laini ya njia tatu, ile mafundi umeme wanaiita trifaze. Kuiomba leo kwa nyumba ya kawaida ni safari ndefu. Sisi tumeikuta ukutani, imekatwa tu. Kwa hesabu zangu, laini hiyo ina thamani kuliko paa.

Basi tumejenga kibanda cha matofali mbele, kimeshikana na ukuta wa nyumba, mlango wake unaelekea barabarani. Humo itakaa mashine ndogo ya nyundo, inayosaga kwa vyuma vinavyozunguka na kuponda nafaka. Msingi wake umemwagwa peke yake, na kati yake na sakafu ya nyumba tumeacha nafasi ya vidole viwili, tukaijaza mpira wa matairi yaliyokatwa. Vumbi linaingia kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya kibanda, halina njia ya kuja kwetu.

Akina mama na mama mkwe walipanga bei kwa meka, chombo cha kupimia nafaka, bila sisi.

Oktoba, joto

Mwezi mbaya kuliko yote, jua liko juu ya bati na mvua haijaja. Dirisha halisaidii vyumba vya juu. Kilichosaidia ni lile tundu la bomba kwenye paa ambalo fundi wa mabati alitaka kuliziba. Tumelivisha kofia ya bati ili mvua isiingie, tukaliacha wazi pembeni. Hewa ya moto inapanda na kutoka, na ya baridi inaingia kupitia matundu ya chini ukutani. Ukisimama ngazini saa nane mchana unausikia upepo shingoni.

Usiku mmoja nilimsomea mama mkwe jinsi wasagaji wa Uholanzi wanavyosema na mtaa bila kufungua kinywa. Kinu kikisimama, bawa likiachwa kabla kidogo ya kufika juu kabisa, ni furaha, labda harusi au mtoto. Likiachwa limepita juu kidogo, kuna msiba. Hakushangaa. Akasema marehemu alikuwa na yake: mtaani pakifa mtu, mashini haiwashwi mpaka maiti itoke, na ubao mmoja wa mlango unafungwa. Waliokuja na mabeseni yao wakiona ubao mmoja hawaulizi, wanauliza tu ni kwa nani. Ameagiza mlango wa kibanda uwe wa mbao mbili. Seremala ameshakata.

Novemba, mvua za kwanza

Paa halivuji ila sehemu moja, pale bomba linapotokea, na fundi ameshapanda na lami. Viungo vya chokaa vilinyonya maji vikabadilika rangi, kesho yake vikarudi. Faili bado limelala.

Umeme wa njia tatu umeunganishwa, na mashine imejaribiwa kwa mahindi ya mama yule mkali, ambaye alishika nafasi ya kwanza na hakuna aliyebisha. Mume wangu aliweka glasi mbili za maji juu ya sakafu ya vyumba vya kulala, moja mbele na moja nyuma, nikabaki nazitazama wakati yeye anawasha chini. Upande wa mbele, kwenye nguzo, maji yalitulia. Upande wa nyuma, ambako dari imeshikwa na ukuta, yalitetemeka viduara vidogo visivyokwisha, na kitandani ungeyasikia kwenye meno. Nilimwita seremala apande aangalie mwenyewe. Aliangalia glasi moja, akahamia nyingine, akaomba mashine izimwe na iwashwe tena. Wiki ijayo analeta nguzo mbili za upande wa nyuma, na dari itaachana na ukuta. Mbao tunalipa sisi, kazi ni yake.

Mpaka zitakaposimama, kusaga ni mchana tu, saa tatu hadi saa kumi.